Kamba Hukatikia Pabovu: Maneno Juu ya Kuimarisha Ekseli ya Mbele

Hotuba hii ilisomwa mbele ya mafundi, madereva na wenye magari waliokusanyika karibu na Dagoretti Corner, Nairobi. Twaichapa hapa nzima kwa manufaa ya wasomaji wetu wa mjini na wa mashambani.

Kazi yangu ni kufasiri maandiko, wala si kufungua magari. Lakini katika kufasiri vitabu vya maelezo ya magari, kila neno lililonishinda nililichukua kwa mafundi wa Kirinyaga Road, ambayo wazee wetu bado huiita Grogan, na kwa wale wa Kawangware na Ngong Road, nikawauliza wao wenyewe hulitamkaje na kitu chenyewe hufanya kazi gani. Kwa hiyo mengi nitakayoyasema nimefundishwa na watu wenye mafuta mikononi. Nikikosea, kosa ni langu. Nikisema kweli, sifa ni yao.

Jambo lenyewe ni ekseli ya mbele ya gari linalovutwa na magurudumu yote manne, yaani Land Rover, Toyota Land Cruiser, Suzuki na mengineyo ya namna hiyo. Siku hizi watu wengi hununua magari haya yakiwa yamezeeka, huyatia matairi makubwa, na kisha huenda kwa fundi wakamwambia, “Nitilie nguvu ekseli ya mbele.” Ni ombi zuri. Lakini kuna njia ya kutia nguvu inayojenga, na kuna njia ya kutia nguvu inayobomoa, na tofauti yake yaweza kuwa uhai wa mtu.

KISA CHA MJOMBA

Mjomba wangu anakaa upande wa pili wa vilima vya Ngong, mahali ambapo lami imekwisha na barabara ni ya udongo. Ana Land Cruiser ya kubebea mizigo, ya zile za zamani zenye springi za majani mbele na nyuma. Siku za kazi hupeleka kabichi na maziwa sokoni. Usiku wa mvua, jirani akiugua, ni gari hilo hilo hubisha mlangoni pa hospitali, kwa maana hakuna jingine liwezalo kupanda kilima kile.

Mwaka mmoja mvua zilizidi. Mjomba akaona kwamba matairi aliyokuwa nayo hayatoshi, akanunua makubwa zaidi, pamoja na rimu zinazoyasukuma matairi nje ya mwili wa gari. Gari likapendeza sana. Haukupita mwezi, akiwa amekwama matopeni na usukani umekunjwa mpaka mwisho, alikanyaga mafuta kwa nguvu. Jointi ya nje ya gurudumu la kushoto ikapasuka. Akanunua nyingine ya chuma kigumu zaidi. Jointi ile haikupasuka tena. Badala yake yalivunjika meno ya difu. Akatia difu nyingine. Ndipo mtu mmoja akamshauri kwamba ekseli nzima ni nyembamba, na katika karakana fulani wakamlehemea ubao mzito wa chuma juu ya bomba la ekseli, mwisho hata mwisho, kwa muda wa saa moja.

Baada ya majuma matatu aliona matairi ya mbele yameisha upande wa ndani, na mafuta yanavuja kwenye magurudumu. Hakuyajali. Usiku mmoja aliitwa kumpeleka mama mmoja aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa. Wakiwa katikati ya mteremko, usukani ulianza kutetemeka mikononi mwake kama mtu mwenye homa. Kwa bahati njema alikuwa akienda polepole, akasimama. Alipomulika chini ya gari kwa tochi, aliona kwamba katika stadi nne zinazoushika mkono wa usukani upande wa kulia, moja imekatika, na nati za mbili zimelegea hata zageuka kwa vidole. Mkono ule ulikuwa umeshikwa na stadi moja.

Yule mama alichukuliwa na gari la jirani, akajifungua salama. Asubuhi yake mjomba alimleta kwa miguu mzee mmoja aliyefanya ufundi tangu ujana wake. Mzee yule alilala chini ya gari kitambo, akatoka, akapangusa mikono, akasema: “Bwana, umenunua nguvu mara tatu, lakini hujakaza nati hata moja.”

Mabibi na Mabwana, maneno hayo ndiyo hotuba yangu nzima. Yaliyobaki ni maelezo.

KAZI ZA EKSELI YA MBELE

Ekseli ya nyuma hubeba uzito na kusukuma gari. Ekseli ya mbele ya magari haya ina kazi nne. Hubeba uzito wa injini, huvuta gari, hugeuza magurudumu kufuata usukani, na hupokea sehemu kubwa ya nguvu ya breki, kwa kuwa gari likifunga breki uzito wake hukimbilia mbele.

Ndani ya bomba la chuma mna difu, ambayo hugawa nguvu ya injini kwa magurudumu mawili. Kutoka kwa difu, vyuma virefu viitwavyo hafushafti huelekea kulia na kushoto. Mwisho wa kila hafushafti mna jointi inayozunguka huku ikikunjwa, kwa sababu gurudumu lazima livute na ligeuke kwa wakati mmoja. Jointi hiyo imefichwa ndani ya kifundo cha gurudumu. Kifundo hicho ni kama kifundo cha mguu wa mtu: huchezea juu ya pini mbili, moja juu na moja chini, na hugeuzwa na mkono wa usukani. Mguu waweza kuwa na paja lenye nguvu kama la ndovu, lakini kifundo kikiteguka, mtu haendi.

Sasa fikirini nguvu inayopita hapo. Injini peke yake haina nguvu nyingi ya kuzungusha; gia ndizo huizidisha. Katika Land Rover ya Series III, iliyotengenezwa tangu mwaka 1971 hata mwaka 1985, gia ya kwanza ikitiwa pamoja na gia ndogo ya kupandia milima, nguvu ya injini huzidishwa kiasi cha mara 40 kabla ya kufika kwenye magurudumu. Ndiyo maana gari dogo laweza kupanda ukuta wa mawe. Na ndiyo maana mguu mmoja mzito juu ya mafuta waweza kukata chuma kinene kama kidole gumba.

KAMBA HUKATIKIA PABOVU

Wahenga walisema kwamba kamba hukatikia pabovu. Nguvu inayotoka kwenye injini ni kama kamba hiyo: hupita kwenye difu, kisha hafushafti, kisha jointi, kisha habu, na mwisho tairi linalokamata ardhi. Tairi dogo linapokwama huteleza na kuzunguka bure, na kuteleza kwake ni kama kulegeza kamba, hakuna kinachovunjika. Tairi kubwa lenye meno makali halitelezi upesi. Basi nguvu isiyopata njia ya kutoka hutafuta palipo pabovu.

Tena tairi ni wenzo. Tairi la kipenyo cha inchi 30 lina inchi 15 kutoka katikati hata chini. Tairi la inchi 35 lina inchi 17 na nusu. Likikamata ardhi kwa kiasi kile kile, tairi la pili huitaka hafushafti ibebe mzigo uliozidi kwa sehemu moja ya sita. Uzito wa tairi lenyewe umeongezeka pia, nao hupiga kifundo na pini zake kila gurudumu linapoanguka shimoni. Na kama rimu zimelisukuma tairi nje, beringi za gurudumu huelemewa kama mtu anayebeba ndoo ya maji kwa mkono ulionyooshwa badala ya kuishika karibu na mwili.

Kwa hiyo mjomba wangu hakuwa na bahati mbaya. Kila alipoimarisha sehemu moja, aliuhamisha mzigo ukaiendea sehemu ya pili. Jointi ilipokuwa dhaifu, ilivunjika yenyewe, na gari likasimama matopeni bila kumdhuru mtu. Jointi ilipokuwa imara, mzigo ukaenda kwenye difu. Difu ilipopona, mtikisiko wa matairi yale makubwa uliendelea kuzipiga stadi za mkono wa usukani, ambazo hakuna aliyezitazama. Jointi ikivunjika, gari husimama. Mkono wa usukani ukitoka, gari haligeuki tena, nawe uko katikati ya mteremko. Angalieni basi msije mkauhamisha ubovu kutoka mahali pasipoua ukaenda mahali panapoua.

NGUVU ISIYONUNULIWA

Kabla ya kununua kipande chochote cha chuma, yafaa kurudisha ile nguvu ambayo gari lilitoka nayo kiwandani. Kazi hii yaweza kufanywa na mwenye gari mwenyewe, hata kama anakaa mbali na mji.

Kwanza, inua gurudumu moja la mbele kwa jeki, uweke kigogo imara chini ya ekseli, na uzuie magurudumu ya nyuma kwa mawe. Shika tairi juu na chini, ulitikise kwa nguvu. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki, kisha utikise tena. Ule mchezo ukiisha breki inaposhikwa, beringi za gurudumu ndizo zimelegea. Mchezo ukibaki vile vile, ubovu uko kwenye pini za kifundo. Jaribio hilo halina gharama, nalo humwepusha mtu na kununua asichokihitaji.

Pili, safisha udongo na mafuta yote kwenye mkono wa usukani, utazame kila stadi na kila nati. Usitosheke kuziona, zikaze kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kiasi kilichoandikwa katika kitabu cha gari lako. Stadi iliyowahi kulegea mara moja imekwisha kupigwa na kunyongwa. Itoe, utie mpya. Kisha mafundi wengi hupiga alama ya rangi kutoka kwenye nati mpaka kwenye chuma kilicho chini yake. Ukiona alama imeachana, wajua kwamba nati imegeuka.

Tatu, tazama mafuta. Ndani ya kifundo cha Land Cruiser ya namna ile mna grisi nzito. Ukiona grisi imekuwa uji mweusi unaotiririka kwenye gurudumu, oilisili ya ndani imekufa, na mafuta ya difu yameingia kwenye kifundo yakaiosha grisi yote. Jointi isiyo na grisi hujila yenyewe, hata kama ilinunuliwa kwa bei ya ng'ombe.

Nne, tazama pumzi ya ekseli. Juu ya bomba kuna tundu dogo la kupumulia. Ekseli iliyopata moto barabarani ikitumbukia ghafla katika maji baridi ya mto, hewa iliyomo ndani husinyaa, na maji huvutwa kupitia oilisili mbovu au kupitia tundu lile. Mafuta yakiwa meupe kama chai ya maziwa, maji yamekwisha kuingia. Dawa yake ni kipande cha mpira wa bomba kilichofungwa kwenye tundu lile na kupandishwa juu mpaka karibu na injini. Sijui njia nyingine ya kuimarisha ekseli iliyo rahisi kuliko hiyo.

UKITAKA KUONGEZA CHUMA

Mambo hayo yakiisha kutengenezwa, na kama kazi ya gari kweli ni nzito, waweza kuongeza nguvu. Hapo fuata mpango, wala usinunue kwa hasira ya siku gari lilipovunjika.

Anza kwa kujiuliza gari litafanya kazi gani. Gari la kubeba kabichi juu ya barabara ya udongo halihitaji ekseli ya mashindano. Yamkini linahitaji tairi la kipimo cha kiwandani lenye meno ya matope, na minyororo ya magurudumu wakati wa mvua. Mtu anayepunguza tairi kwa inchi tatu ameimarisha ekseli yake kuliko yule aliyeilehemu.

Hafushafti na jointi za chuma kilichochanganywa na kromiamu na molibdeni ni imara kuliko za kawaida, nazo zafaa kwa mwenye kazi ngumu. Lakini zinunuliwe kwa jozi, kulia na kushoto, na difu ichunguzwe siku hiyo hiyo. Katika Kirinyaga Road vipuri vizuri vipo, na vya kuiga vipo vile vile, na vyote hulala katika karatasi zenye kung'aa. Chukua kipuri chako cha zamani mkononi. Hesabu meno, pima urefu, linganisha uzito, tazama kama chuma kimesuguliwa sawasawa. Omba risiti yenye jina la duka. Muuzaji mwaminifu hatakasirika. Anayekasirika amekwisha kukujibu.

Watu wengine hutia loki ya difu, ambayo huyafunga magurudumu mawili yazunguke kama moja. Ni chombo chenye manufaa makubwa mahali pabaya. Lakini loki ikiwa imefungwa, na gurudumu moja likiwa hewani, nguvu yote huiendea hafushafti ya lile gurudumu jingine. Basi anayetia loki ya mbele ajue kwamba ameongeza mzigo wa jointi zake, na asikunje usukani mpaka mwisho huku amekanyaga mafuta. Jointi iliyokunjwa sana ina nguvu ndogo kuliko jointi iliyonyooka. Mjomba alivunja ya kwanza kwa njia hiyo.

JUU YA KULEHEMU

Kulehemu vyuma kwenye bomba la ekseli ni kazi halali, na ikifanywa vyema husaidia. Hutiwa daraja la chuma juu ya bomba, na vipande vya pembe tatu mahali bomba linapokutana na kifundo, kwa kuwa hapo ndipo hupinda kwanza. Dalili ya bomba lililopinda ni matairi kulala ndani kwa juu na kuisha upande wa ndani. Mjomba aliiona dalili hiyo, asiisome.

Moto wa kulehemu hulainisha chuma, na chuma kikipoa husinyaa. Ukichoma mstari mrefu upande mmoja bila kupumzika, ukipoa utauvuta ule bomba kama uzi unavyokunja kitambaa. Ekseli iliyoingia karakana imenyooka hutoka imepinda, na hafushafti huanza kusugua oilisili upande mmoja. Basi yalizuka mafuta yaliyovuja kwa mjomba wangu.

Fundi mzuri hufanya hivi. Hutoa difu, hafushafti na oilisili zote. Humwaga mafuta na kuosha ndani, kwa maana mvuke wa mafuta ndani ya bomba lililofungwa waweza kulipuka. Hufungua waya za betri kama ekseli iko bado garini. Hupima unyofu wa bomba kabla ya kuanza. Kisha huchoma vipande vifupi, kimoja huku na kimoja kule, mbele na nyuma kwa zamu, akiacha chuma kipoe chenyewe bila kumwagiwa maji. Pale penye chuma cha kusubu hukipasha moto kwanza, na hutumia fimbo ya kulehemu inayofaa chuma hicho. Akimaliza hupima tena. Kazi hiyo haimaliziki kwa saa moja, na fundi anayekuambia utasubiri ukinywa chai, mwulize atapima kwa kitu gani.

Na kuna vitu ambavyo havilehemewi kamwe: mkono wa usukani, fimbo zinazounganisha magurudumu, stadi na hafushafti. Vikipasuka, hutupwa. Mtu akikuambia kwamba amekwisha kulehemu mikono ya usukani mia na haikutoka hata mmoja, mshukuru, ulichukue gari lako uende.

MFANO WA RHINO CHARGE

Huenda mtu akasema, “Mbona hapo Karen na Lang'ata twaona magari yenye vyuma vya ajabu, nayo hupanda majabali?” Ni kweli. Baadhi ya magari hayo hutayarishwa kwa ajili ya Rhino Charge, mashindano yaliyoanza mwaka 1989 ili kuchanga fedha za kuzungushia ua msitu wa Aberdare, kuwalinda vifaru na pia kuwalinda wakulima na wanyama wanaoharibu mashamba. Ua ule, wenye urefu wa kiasi cha kilomita 400, ulikamilika mwaka 2009. Katika mashindano hayo gari lapaswa kufika kwenye vituo 13 kwa muda wa saa 10, na mshindi si yule mwenye mbio, bali ni yule aliyefika vituo vyote kwa mwendo mfupi kuliko wenzake. Kwa hiyo hawazunguki mlima; huupanda.

Lakini tazameni mwenendo wao. Gari la namna hiyo hufunguliwa kila baada ya mashindano, na kila beringi hutazamwa. Hubeba hafushafti za akiba na watu wanaojua kuzitia porini. Tena mmoja wao hutangulia kwa miguu akitafuta njia, na dereva humfuata polepole. Kwao kuvunjika ni jambo lililotazamiwa na kuwekewa mpango. Yeye anayeiga vyuma vyao bila kuiga uangalizi wao ameiga ngozi ya chui akaacha miguu yake.

MKONO NA MGUU WA DEREVA

Neno langu la mwisho ni juu ya dereva, kwa maana hakuna ekseli iwezayo kumshinda dereva asiye na subira.

Ukikwama, nyosha usukani kwanza. Chukua jembe, ondoa tope mbele ya magurudumu, tia mawe au matawi, kisha ondoka kwa gia ya chini na mguu mwepesi. Gurudumu linalorukaruka huku limekanyagiwa mafuta huipiga jointi kama nyundo. Likianza kuruka, ondoa mguu mara moja.

Ukifika kwenye lami, toa gia ya kuvuta magurudumu yote, kama gari lako ni la namna ile isiyo na difu ya katikati. Kwenye kona magurudumu ya mbele huenda mwendo mrefu kuliko ya nyuma. Udongoni tofauti hiyo huteleza ikaisha. Kwenye lami kavu haina pa kwenda, hujikunja ndani ya vyuma. Wengi hutoka matopeni Kiserian au Kikuyu na kuingia mjini mpaka Westlands bila kuitoa, kisha hushangaa usukani ni mzito.

Na ukiinua springi ili tairi kubwa lipate nafasi, jua kwamba umebadili pia ulalo wa ekseli. Pini za kifundo zilitengenezwa zilale nyuma kidogo kwa juu, ili usukani urudi wenyewe katikati. Ulalo huo ukipotea, gari hutangatanga barabarani, na mtikisiko huanza. Mtikisiko wa usukani si tabia ya gari kuukuu, kama wengi wasemavyo. Ni gari linalosema. Kazi yako ni kusimama na kulisikiliza.

MWISHO

Mnataka kujua gari la mjomba lilifikia wapi. Yule mzee aliliondoa lile daraja la chuma, akatafuta bomba jingine la ekseli lililonyooka katika magari yaliyobomolewa. Alitia stadi mpya pande zote mbili, beringi mpya, oilisili mpya, na grisi safi. Alimwambia mjomba auze matairi yale makubwa na zile rimu, na fedha zilizopatikana zilitosha kulipa sehemu nzuri ya kazi. Ile jointi ngumu aliiacha, kwa kuwa ilikuwa nzima. Gari limerudi urefu wake wa zamani, na vijana hawalisifu tena. Lakini kila Jumamosi mjomba hulala chini yake na tochi, hutazama alama nane za rangi nyeupe, nne kulia na nne kushoto.

Sheria yamtaka kila mwenye gari aliweke katika hali njema, na magari ya biashara hukaguliwa kila mwaka chini ya mamlaka iitwayo NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Ni vyema. Lakini mkaguzi hutazama gari siku moja. Nati hulegea siku nyingine yoyote. Mkaguzi wa siku zilizobaki ni wewe.

Nawaomba basi, mabwana mafundi, mteja akija kuwaambia mumtilie nguvu ekseli ya mbele, msishike kwanza mashine ya kulehemu. Shikeni jeki na spana. Mwonyesheni mahali palipo pabovu, hata kama kazi hiyo italipa kidogo. Nanyi wenye magari, msimdharau fundi anayewaambia kwamba hamhitaji kununua kitu. Huyo ameutazama uhai wa wale mtakaowapakia kabla ya kutazama mfuko wake, naye anastahili kulipwa kwa jicho lake kama vile angelipwa kwa chuma.